Sharti la Kulala kwa Mdhamini

Kwa miaka yote ya ndoa yake, Msusi hakuwa na neno na mke wa kwanza wa mumewe. Mwenzake alikuwa muuguzi hospitalini, yeye alikuwa na saluni ya chumba kimoja karibu na kituo cha mafuta. Wakikutana dukani walisalimiana, wakaulizana hali, kila mmoja akashika njia yake. Hata ile talaka haikumhusu. Alimkuta Fundi kashaachana na Muuguzi zamani, anakula hotelini na kujifulia mashati mwenyewe, vibaya.

Fundi alikuwa fundi umeme wa kampuni ya ujenzi. Siku moja mabunda ya nyaya za shaba yalikutwa hayapo stoo, na kwa kuwa yeye alikuwa mmoja wa wenye ufunguo, alikamatwa akashtakiwa kwa wizi. Alikana. Hakimu akasema dhamana iko wazi, ila aje mdhamini mwenye nyumba hapahapa mjini, yenye hati kwa jina lake.

Siku ya harusi ndugu wa mume walijaa mpaka viti vikaazimwa. Siku ya dhamana kila mmoja alikuwa na lake. Shangazi alisahau alikoiweka hati. Binamu simu yake haikupatikana. Kaka mkubwa alisema nyumba yake ina mgogoro wa mirathi, akaapa kwa jina la mama yake, kisha akapiga simu mahali bila kumwambia mtu.

Ndiyo maana Muuguzi alitokea mahakamani na sare yake ya kazi, macho mekundu ya zamu ya usiku, bahasha mkononi. Msusi alimshika mikono akamshukuru mpaka machozi yakamtoka. Shukrani hiyo haikudumu hata nusu saa.

"Mshtakiwa ni mpangaji," hakimu alisema. "Mpangaji anafungasha virago leo, kesho humwoni. Kwa hiyo ataishi nyumbani kwa mdhamini wake mpaka kesi iishe. Mchana atoke kutafuta riziki, jua likizama awe ndani."

Msusi aligeuka kumtazama wakili wao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Wakili alimfanyia ishara ya mkono: tulia kwanza, mtu wetu atoke.

Jioni ile alimwambia shoga yake, "Mahakama imeniletea mke mwenza. Na mahari wameona wasinidai, wamenihurumia."

Shoga alicheka mpaka akashika mbavu. Msusi hakucheka.

*

Mwanzoni alikwenda kumwona mumewe karibu kila alasiri, akiwa na chakula kwenye vyombo vya kufunika. Muuguzi alimkaribisha vizuri, akawaachia sebule, akaenda zake jikoni. Na hapo ndipo palipomuuma Msusi, kwa sababu hakuwa na pa kumshikia. Angekuwa mwanamke wa kebehi, angemjibu. Huyu alikuwa na adabu laini kama mto mpya wa kitandani.

Basi macho yake yakaanza kutafuta. Aliona shati la mumewe limepigwa pasi, kola imesimama. Yeye huwa anampigia pasi lakini kola haisimami hivyo. Alinusa bega lake walipokumbatiana, akakuta sabuni ya nyumba nyingine. Aliona mashavu ya mumewe yamejaa, ilhali wao nyumbani walimzoea mwembamba.

"Unakula nini huku?" alimuuliza.

"Chakula tu."

"Nani anapika?"

"Mke wangu, anapika mwenye jiko. Ulitaka nisile?"

Siku nyingine giza liliwakuta wakiwa bado sebuleni. Fundi alinyoosha mkono nyuma ya kabati bila kugeuka, akawasha taa. Msusi alibaki akiutazama ule mkono. Ulijua njia. Nyumba ile Fundi ndiye aliyeitandazia nyaya zake zote, enzi zile yeye na Muuguzi walipokuwa vijana wa kuanza maisha, na mkono wake haukusahau chochote. Akawaza, kama mkono unakumbuka swichi nyuma ya kabati, unakumbuka na nini kingine?

Usiku alilala upande wake wa kitanda, hakujitanua, kana kwamba akijitanua ndiyo ataonekana amekubali.

Akamwendea wakili. "Nataka arudi nyumbani."

Wakili aliandika maombi ya kubadilisha masharti ya dhamana. Alieleza kwamba mteja wake hajakosa kufika mahakamani hata mara moja, kwamba vifaa vyake vya kazi viko nyumbani kwake, na kwamba ana mke wa ndoa ambaye hakutenda kosa lolote. Mwendesha mashtaka alisimama akasema anapinga, akakaa. Hakuonekana kama mtu aliyekosa usingizi kwa jambo hilo.

Hakimu alimtazama Fundi kizimbani. "Hebu niambie wewe mwenyewe. Huko unakoishi una shida gani?"

 Muuguzi alikuwa amekaa benchi la pili, mikono mapajani. Msusi alikuwa benchi la kwanza, roho juu.

"Sina shida, mheshimiwa," Fundi alisema. "Napata kila kitu."

Watu wa nyuma waliangua kicheko. Karani mwenyewe aliinamisha uso. Hakimu hakuchukua muda: mshtakiwa amekiri hana shida, mke kumkumbuka mumewe si sababu ya kisheria, maombi yamekataliwa. Akaita kesi inayofuata.

Msusi alimkamatia Fundi kwenye korido, mbele ya watu wanaosubiri kesi zao.

"Unapata kila kitu? Kila kitu!"

"Punguza sauti."

"Kitu gani hicho unachopata, kitaje hapa watu wasikie!"

"Ningesema nini na yeye amekaa pale? Niseme nyumba yake ina shida? Akikasirika akajitoa, mimi narudi rumande leo hii hii."

Maelezo hayo yalikuwa na akili, na Msusi aliyaelewa. Lakini kuyaelewa hakukumpunguzia kitu. Alirudi saluni, na kuanzia siku hiyo hakupeleka tena chakula.

*

Kutokwenda kulikuwa kubaya kuliko kwenda. Alipokwenda aliona kola na mashavu. Asipokwenda aliona mengine yote. Mteja akikaa kwenye kiti, yeye alikuwa akisuka nywele za huyu na kuitazama sebule ya yule.

Jioni moja alishindwa. Alifunga saluni mapema, akapita mtaa wa Muuguzi kama mtu mwenye safari zake. Dirisha lilikuwa wazi, pazia limefungwa fundo kuruhusu upepo. Fundi alikuwa amekaa, mkono wa shati umekunjwa. Muuguzi ameinama mbele yake, amemfunga kile kitambaa cha kupima presha, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake. Fundi akasema kitu. Muuguzi akarusha kichwa nyuma, akacheka.

Msusi hakuwahi kumsikia yule mwanamke akicheka. Ni kicheko kizuri, cha chini, cha mtu aliyemjua mwenzake kabla hajaota mvi.  Alivuka barabara, akarudi kwao kwa miguu.

Kesho yake alimuunguza mteja nywele za mbele kwa pasi ya moto. Mama wa watu alikuwa anakwenda harusini kwa mdogo wake. Alipiga kelele, Msusi akaomba radhi, akamtengenezea bure, na mteja alipoondoka na kitambaa kichwani, Msusi alifunga mlango akaenda kwa wakili hivyohivyo, na aproni yake inanuka mafuta ya nywele.

"Nataka umwandikie hakimu," alisema kabla hajakaa. "Mwambie Fundi anatoka usiku. Mwambie haonekani ndani jua likizama."

Wakili aliweka kalamu chini. "Anatoka?"

"Hatoki."

"Sasa?"

"Wamfutie hiyo dhamana. Bora arudi rumande. Kule angalau hatapimwa presha na mtu."

Wakili hakupandisha sauti. "Kule rumande alikuwa analala kwa zamu, wengine wamesimama, kwa sababu sakafu haitoshi. Alikwambia?"

"Aliniambia."

"Basi rudia ulichosema, nikusikie vizuri."

  Msusi alikaa kwenye kiti, akajifunika uso kwa aproni, akalia kilio cha mtu aliyejiona kwenye kioo bila kutarajia. Wakili alimwacha alie mpaka mwisho, huku akipanga makaratasi yasiyohitaji kupangwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa tufanye kazi. Hakimu alikosea. Alimuuliza mteja wangu kama anapapenda anapoishi. Hilo halikuwa swali. Swali lilikuwa kama lile sharti linahitajika ili afike mahakamani. Tunakwenda Mahakama Kuu, tuombe jaji aupitie uamuzi ule. Lakini serikali itasema akiondoka pale, mdhamini hataweza kumchunga. Kwa hiyo nahitaji kiapo cha mdhamini kwamba ataendelea kumdhamini hata akilala kwake mwenyewe."

"Mwandikie."

"Si mimi wa kumwomba. Na Fundi hawezi, umeona mwenyewe anavyomwogopa."

Msusi alimtazama. "Mimi? Nikampigie magoti yule?"

"Magoti hayatakiwi. Sahihi tu."

*

Muuguzi alifungua mlango akiwa na gauni la kulalia na alama ya mto shavuni. "Karibu. Mwenyewe ametoka, ameitwa kutengeneza feni huko mtaa wa pili."

"Sikumfuata yeye, nimekufuata wewe. Dada."

Neno hilo la mwisho lilimtoka kama mtu anayetapika mwiba. Muuguzi alilisikia, akasogea pembeni apite.

Msusi alieleza yote bila kupamba. Muuguzi alisikiliza huku akikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka.

"Kwa hiyo nibaki mdhamini, ila akalale kwako."

"Ndiyo."

"Akikimbia, nyumba inayokwenda ni yangu."

"Hatakimbia."

"Najua hatakimbia. Huyo hata ugomvi haukimbii. Anakaa pale kimya kama gunia, mpaka unachoka wewe."

Msusi alikaribia kucheka, akajizuia. Kile kimya cha Fundi alidhani ni mateso yake peke yake. Kumbe hata hicho alikipata mtumba.

"Kwa nini ulimdhamini?" aliuliza.

"Kwa sababu haibi. Mengine yote nitakusomea mpaka kesho, lakini haibi." Muuguzi aliweka kijiko chini. "Hakimu aliposema atakaa kwangu nilitaka kunyoosha mkono nikatae. Nikaona uso wako. Nikanyamaza. Mdogo wangu, unadhani nina raha? Nilijifunza kukaa peke yangu kwa taabu. Nikazoea. Nikapenda. Sasa narudi kazini nakuta viatu vya mwanamume mlangoni, vilevile, vimekaa vilevile, kimoja kimelala."

"Niliwaona," Msusi alisema. "Unampima presha. Unacheka."

"Presha yake ilikuwa juu. Nilimuuliza ana mawazo gani, akasema anamwogopa mke wake kuliko hakimu. Ndiyo nikacheka."

Msusi aliinamia kikombe chake. Uso ulimwaka.

"Nitasaini," Muuguzi aliendelea, "na sisaini kwa ajili yako. Kuna bwana mmoja, mstaafu wa posta, mjane. Alikuwa anakuja Jumamosi, tunakaa, tunaongea. Mumeo alipohamia hapa, bwana yule akaja, Fundi akamfungulia mlango akamwambia nimelala. Mimi niko jikoni, macho makavu! Akaja tena, akaambiwa nimehamishiwa kituo cha mbali. Mtu mzima, na kofia yake mkononi, akageuka akaenda. Nilikuja kujua nilipokutana naye benki."

"Fundi alifanya hivyo?"

"Fundi."

"Kwa nini?"

"Muulize. Ni mume wako, siyo wangu."

Msusi alitoka na alichokifuata, na kitu kingine ambacho hakukifuata. Yule mwanamke hakuwa akimtaka Fundi hata kidogo. Hilo lilipaswa kumtuliza. Lakini mwanamume asiye na wivu hamfukuzi mgeni mlangoni. Miezi yote hii alikuwa amemchunga mwanamke asiyehitaji kuchungwa, na akamwacha huru mume aliyehitaji.

*

Mahakama Kuu ilikuwa na dari refu na feni zinazozunguka polepole. Jaji alikuwa mzee mwenye kikohozi. Wakili wa serikali alianza kwa pingamizi: uamuzi wa kukataa kubadilisha masharti ni jambo dogo la njiani, kesi yenyewe haijaisha, hauwezi kuletwa huku.

"Jambo dogo kwa nani?" jaji aliuliza. "Mtu kuambiwa alale nyumba ipi kila siku mpaka kesi iishe? Pingamizi nimelikataa. Endelea."

Wakili wao alisimama. Sauti yake ilikuwa ileile ya chini, mpaka jaji akasogeza kiti mbele. Alisema dhamana ni ya kumhakikishia hakimu kwamba mshtakiwa atakuja, si ya kumwadhibu kabla hajapatikana na hatia. Alisema mteja wake amekuja kila alipoitwa. Akatoa kiapo cha Muuguzi.

Jaji alikisoma kimya, kisha akainua macho. "Mdhamini yupo?"

Muuguzi alisimama.

"Umelazimishwa?"

"Hapana, mheshimiwa jaji. Nimechoshwa tu."

Jaji alikohoa, na watu hawakujua kama ni kikohozi au kicheko. Uamuzi aliutoa palepale. Alisema mahakama ya chini iliuliza swali ambalo halikuwa lake, ikajitosheleza na jibu la mtu mwenye hofu. Kwamba mshtakiwa kutokuwa na malalamiko si sababu ya kumwekea sharti ambalo halina kazi. Sharti la makazi likafutwa. Fundi ataishi nyumbani kwake, ataripoti polisi kila Jumatatu, na mdhamini atabaki yuleyule.

Msusi alishusha pumzi aliyokuwa nayo tangu siku ya dhamana. Kisha akamtazama mumewe, na akamwona Fundi, kabla ya kumtazama yeye, amemtazama Muuguzi. Ilikuwa mara moja tu, kama mtu anayehakikisha amefunga mlango. Lakini Msusi aliona.

Hakusema kitu mahakamani. Hakusema kitu walipokwenda kuchukua nguo zake, wala Muuguzi alipowapa mkono wa kwaheri na kufunga mlango haraka kidogo kuliko adabu yake ya kawaida. Alisema walipofika kwao, Fundi amekaa kitandani, begi miguuni.

"Yule bwana wa posta ulimfukuzia nini?"

Fundi alikaa kimya. Msusi alikijua kile kimya, na safari hii aliamua hatachoka yeye. Alivuta stuli akakaa mbele yake, magoti yakigusana. Nje mtu aliwasha pikipiki, ikakataa, ikakubali, ikaondoka.

"Alikuwa anakaa kiti kile cha dirishani," Fundi alisema mwishowe. "Nilikinunua mimi kile."

"Kwa hiyo ni kiti."

"Si kiti." Alijipangusa uso kwa mikono miwili. "Sijui. Nilifungua mlango nikamwona na kofia yake, amenyoa ndevu vizuri, nikasikia moto hapa. Nikaona kama mtu ananiibia. Na mimi simtaki yule, naapa. Nilikuwa nalala nakuwaza wewe. Lakini moto ulikuwepo."

Msusi alitaka kumpiga. Alitaka pia kumwuliza kama moto ule ulizimika, na aliogopa jibu. Akajikuta anasema jambo ambalo alikusudia kwenda nalo kaburini.

"Mimi nilimwambia wakili bora urudi rumande."

Fundi aliinua kichwa.

"Nilisema. Aproni nimevaa, mafuta ya nywele mikononi. Nilitaka aseme uongo wakufungie, ili usiwe kule."

"Kwenye ile sakafu?"

"Kwenye ile sakafu."

Walitazamana muda mrefu, kila mmoja akimwona mwenzake kwa sura ambayo hakuwa ameoa wala kuolewa nayo. Fundi hakumsamehe kwa maneno, na yeye hakumsamehe. Fundi aliinuka akafungua begi, akaanza kutoa mashati. Yote yalikuwa yamepigwa pasi. Msusi aliyachukua moja moja, akayatumbukiza kwenye beseni la maji na sabuni yake mwenyewe, masafi hivyohivyo, na Fundi hakuthubutu kuuliza.

*

Kesi haikufika mbali. Nyaya zilipatikana kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyemtaja aliyemuuzia, na aliyemuuzia alikuwa msimamizi wa stoo mwenyewe. Mwendesha mashtaka aliomba kuondoa mashtaka. Hakimu yuleyule alimwachia Fundi huru bila kumtazama sana, na kumwambia mdhamini aende kwa karani akarudishiwe hati yake.

Asubuhi ile, kabla hakimu hajaingia, walikuwa wamekaa benchi moja. Muuguzi alikuja na yule bwana wa posta, kofia mapajani, amenyoa vizuri kweli. Fundi alimsalimia akiwa ametazama viatu vyake. Bwana yule alimjibu kwa heshima ya mtu aliyeshinda na hana haja ya kusema.

Msusi alichelewa kufika kwa sababu ya mteja. Aliingia, akaona nafasi iliyobaki iko mwisho wa benchi, upande wa pili wa mumewe, pazuri tu. Hakukaa pale. Alipita mbele ya magoti ya watu wote, akasimama kati ya Fundi na Muuguzi, palipokuwa na upana wa kiganja.

Muuguzi alimwangalia kutoka chini mpaka juu. "Bado, mdogo wangu?"

"Bado, dada."

Muuguzi alisogea, akamkanyaga bwana wa posta mguu, na Msusi akakaa.